Ukibebwa na polisi kwa sababu ya ulivyo: mwongozo kwa walio Kenya

Mwongozo huu ni wa shoga, msagaji au mtu wa transijenda anayeishi Kenya, na wa yule rafiki atakayepigiwa simu saa sita usiku aambiwe, "Tumebebwa." Mimi si wakili. Ni msaidizi wa sheria wa kujitolea hapa Mombasa, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa kwenye benchi mbele ya kaunta ya polisi nikirudia swali moja: "Afande, ameandikwa kwenye OB?" Yaani kitabu cha matukio cha kituo.

Swali hilo linawakera, na sababu ipo. Kwa nilivyoona, wengi wa maaskari wanaowasumbua watu wetu hawatafuti kesi. Wanatafuta pesa. Kesi ina makaratasi, ina hakimu, ina mtu atakayeuliza maswali. Pesa ya vitisho inataka giza na haraka. Karibu kila nitakalosema hapa chini linaelekea huko: jambo liandikwe, na mtu wa tatu alione.

(Neno shoga nalitumia bila haya. Hapa Mji wa Kale akina mama wanaitana "shoga" tangu enzi, kwa maana ya rafiki wa kike, na hakuna aliyefungwa.)

Kabla ya yote, jua sheria inasema nini

Usidanganywe kwamba sheria imefutwa. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, bado ina kifungu cha 162 kuhusu "kuingiliana kinyume na maumbile", adhabu yake hadi miaka 14. Cha 163 kuhusu jaribio la kitendo hicho, miaka 7. Na cha 165 kuhusu "vitendo vichafu" kati ya wanaume, miaka 5. Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu iliombwa ivifute ikakataa.

Lakini visome tena. Vinazungumzia kitendo, na kitendo kinathibitishwa kwa ushahidi. Hakuna kifungu kinachosema kuwa shoga ni kosa. Hakuna kinachokataza sauti laini, mwendo wa madaha, wala picha ya wewe na mwenzako mmekumbatiana Mama Ngina. Hakuna kinachomzuia mwanamume kuvaa dera. Polisi akimwambia mwanamke wa transijenda kwamba anashtakiwa kwa "kujifanya mtu mwingine", ajue kwamba kosa hilo, kifungu cha 382, linahitaji nia ya kumlaghai mtu. Kuvaa wigi si ulaghai.

Mwezi Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba serikali ilikosea kukataa kulisajili shirika la NGLHRC, la kutetea haki za mashoga na wasagaji, na kwamba mtu hawezi kunyimwa haki ya kujumuika kwa sababu ya mwelekeo wake wa kimapenzi. Uamuzi huo haukuhalalisha vitendo vya kifungu cha 162, ila umetupa mahali pa kusimama tunapoandika malalamiko.

Hatua ya kwanza: jiandae ukiwa huru

Kariri namba mbili za simu. Kariri kabisa, kama ulivyokariri jedwali la mara shuleni, kwa sababu simu yako ndiyo kitu cha kwanza kitakachochukuliwa. Moja iwe ya rafiki asiyezima simu usiku, nyingine ya shirika au wakili. Nairobi wapo NGLHRC, ambao kazi yao hasa ni msaada wa kisheria. Mombasa wapo PEMA Kenya. Kisumu wapo NYARWEK. Namba zao zitafute leo, na ujaribu kupiga uone kama zinapokelewa.

Simu yako ifungwe kwa namba ya siri, si kwa kidole wala uso. Kidole chako polisi anaweza kukishika akakibandika kwenye kioo. Namba iliyo kichwani hawezi. Zima ujumbe usionekane juu ya skrini iliyofungwa. Nimewahi kuona kesi nzima ikizaliwa kwa mstari mmoja tu wa WhatsApp uliochomoza simu ikiwa juu ya meza ya afande: "Baby umefika?"

Kama unatumia ARV au homoni, beba dozi ya siku mbili ndani ya kipakiti chake chenye maandishi ya hospitali. Vidonge vilivyo ndani ya karatasi ya njugu vitaitwa dawa za kulevya.

Halafu kuna mitego ya mitandaoni. Hapa Pwani inaendeshwa kwa mtindo mmoja unaojirudia: kijana mzuri mmekutana kwenye programu ya kutafuta wachumba, anakuharakisha, anataka mkutane chumbani kwake moja kwa moja na hataki hata soda ya hadharani. Dakika kumi baadaye mlango unafunguka, wanaume watatu, mmoja na pingu kiunoni. Wakati mwingine ni polisi kweli. Wakati mwingine ni matapeli tu waliokodi pingu. Dawa yake ni ile ya kizamani: mara ya kwanza mkutane mahali penye watu, umtumie rafiki picha ya huyo mtu na jina la mtaa, na mkubaliane saa ya kumpigia. Usipopiga, aanze kukutafuta.

Hatua ya pili: barabarani

Usikimbie. Usisukume mkono wa askari, hata akikutukana. Kosa la kumzuia afisa kufanya kazi yake ni rahisi kulithibitisha kuliko kifungu cha 162, na wao wanalijua hilo vizuri kuliko wewe.

Sema haya, kwa sauti ya kawaida na kwa heshima: "Afande, nashikwa kwa kosa gani? Naomba jina lako na namba yako ya kazi. Tunaenda kituo gani?" Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuambiwa sababu mara moja, kwa lugha unayoielewa, na haki ya kunyamaza. Aliyevaa kiraia mwombe kitambulisho cha kazi. Akikataa, angalia mengine: namba ya gari, saa, viatu, kovu. Ukipata nafasi mwite mtu yeyote aliye karibu, mwenye kibanda au dereva wa tuktuk, umtajie jina lako na kituo. Huyo keshakuwa shahidi.

Ukishauliza hayo matatu, nyamaza. Hasa usijibu lile swali la "Wewe ni mwanamume au mwanamke?" au "Huyu ni nani wako?" Hulazimiki kulijibu, na jibu lolote utakalotoa litachekwa kwanza, liandikwe baadaye.

Sasa pesa. Sitakuhubiria. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamhesabu mtoaji kuwa na hatia pia, lakini mtu aliyewekwa ndani ya gari gizani akatoa elfu mbili ili asipigwe, mimi siwezi kumlaumu. Ninachojua ni kwamba ukitoa mara moja umeingia kwenye daftari lao. Kijana mmoja niliyemsaidia alitoa elfu tatu mwezi wa pili. Mwezi wa tatu askari yule yule alimpigia simu akamuuliza, "Mzee, tumesahauliana?" Ilifika mahali kijana anahama mtaa kila baada ya miezi miwili.

Ukilazimika kutoa, toa kwa M-Pesa kama inawezekana, kwa sababu ujumbe unarudi na jina la mpokeaji, kiasi na saa hadi dakika. Wajanja hawatakupa namba yao. Watakutuma kwa mama mwenye kibanda karibu na kituo. Sawa, tuma. Jina la huyo mama pia ni uzi wa kuvuta, na usifute ule ujumbe.

Hatua ya tatu: simu yako

Watakuambia ifungue. Jibu ni, "Afande, sikubali simu yangu ipekuliwe bila kibali cha mahakama." Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha, na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018 imeweka utaratibu wa polisi kwenda kortini kuomba kibali cha kupekua data. Kuichukua simu wanaweza, kwa kuwa umekamatwa nayo. Kuchukua ni kitu kimoja, kuisoma ni kingine.

Wakikupiga mpaka ukaifungua, usijione umeshindwa. Kumbuka tu nani alikuwepo, na sema mapema kwa wakili kwamba hukuifungua kwa hiari, maana kifungu cha 50(4) cha Katiba kinamruhusu hakimu kuutupa ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki zako.

Hatua ya nne: kaunta ya kituo

Hapa ndipo mambo mengi huamuliwa, na hapa ndipo rafiki anahitajika.

Kila anayeingizwa kituoni anapaswa kuandikwa kwenye OB, kile kitabu kikubwa cha matukio kinachokaa kaunta: jina, saa, sababu, aliyemleta. Kila kilicho mfukoni mwako kinapaswa kuandikwa pia, mpaka sarafu. Omba namba ya OB. Ni namba fupi yenye mkwaju na tarehe, unaweza kuiandika kiganjani. Mtu asiye kwenye OB hayupo kituoni. Anaweza kuhamishwa, anaweza kupigwa, na asubuhi akaambiwa hakuwahi kufika.

Rafiki ukifika, vaa kama unayekwenda ofisini. Salimia. "Shikamoo" kwa mzee, "Habari ya kazi, afande" kwa kijana. Usianze na Katiba, anza na jina la mtu wako, halafu ndipo uulize namba ya OB, kosa, na jina la afisa mpelelezi. Andika mbele yao, kwenye daftari wanaloliona. Nimegundua kalamu ina heshima yake kuliko kelele. Usiku mmoja, kituo ambacho sitakitaja, sajini aliniambia hakuna mtu wa jina hilo. Nikasema sawa, afande, basi naomba niandike kwamba saa saba na robo umeniambia hayupo, na jina lako ni nani? Aliniangalia, akaangalia daftari, akapaza sauti kuelekea seli: "Nani huko anaitwa hivyo?" Mtu wetu akaitika.

Kituo kikisema afisa mwenye kesi hayupo, uliza mkuu wa kituo, yaani OCS. Kifungu cha 49 kinampa aliyeshikwa haki ya kuwasiliana na wakili na mtu mwingine yeyote ambaye msaada wake unahitajika. Huyo mwingine ni wewe.

Kuhusu kupekuliwa mwilini. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 27, inasema mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha. Sheria ya Watu Walionyimwa Uhuru ya mwaka 2014 inampa mtu wa huntha, yaani aliyezaliwa na maumbile yasiyo ya kike wala ya kiume moja kwa moja, haki ya kuchagua jinsia ya atakayempekua. Watu wa transijenda hawakutajwa kwa jina, na hapo ndipo tunapoumia, kwa sababu kitambulisho kinasema hivi na mwili unasema vile. Ombi linalofaa ni la wazi na fupi: "Naomba nipekuliwe faraghani, na afisa wa kike." Kwa mwanamume wa transijenda, ataje afisa anayemwamini. Hakuna haki yoyote inayowaruhusu kukuvua nguo mbele ya watu ili waone "ni nini". Nitarudi kwenye hilo, kwa sababu mahakama imekwisha kulitolea hukumu.

Na kuhusu seli: ukihofia kuwekwa na wanaume, au na watu waliokwisha kukutishia, mwambie OCS mbele ya shahidi na uombe utengwe. Halafu rafiki apeleke ombi hilo hilo kwa maandishi, mistari mitatu inatosha, akaombe nakala igongwe muhuri. Wakikataa kugonga muhuri, apige picha ya barua ikiwa juu ya kaunta yenyewe.

Saa 24. Lazima ufikishwe kortini ndani ya saa 24 tangu ukamatwe. Kasoro ni pale muda huo unapoishia nje ya saa za korti. Hapo unasogezwa hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata. Ndiyo siri ya Ijumaa ya kamata kamata. Ukibebwa Ijumaa saa moja jioni, saa 24 zinaisha Jumamosi jioni, korti imefungwa, na kisheria wanaweza kukaa nawe hadi Jumatatu. Kama una ratiba ya kutoka matembezi usiku, fikiria Jumatano.

Dhamana ya polisi ni bure. Bondi hailipiwi hata shilingi. Wakitaka dhamana ya pesa taslimu, risiti ya serikali itoke hapo hapo, na pesa hiyo inarudi kesi ikiisha. Pesa isiyo na risiti ina jina jingine.

Taarifa ya kukiri usiitoe. Kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi kinasema kukiri kunakubalika tu mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa cheo cha inspekta au zaidi ambaye si mpelelezi wa kesi yako, tena akiwepo mtu uliyemchagua mwenyewe. Karatasi uliyotia sahihi saa tisa usiku ukiwa na askari wawili haina nguvu hiyo, hata wakikuapia kwamba umekwisha.

Kitisho cha mwisho cha kaunta ni mama. "Tumpigie mamako tumwambie tumekushika na mwanamume?" Wanajua kwamba wengi wetu tutauza mpaka friji kuzuia simu hiyo. Sina dawa ya kitisho hicho, ila nimeona kinachosaidia: ndugu mmoja tu kwenye familia, shangazi au kaka, anayejua habari zako kabla ya usiku huo. Ukiulizwa namba ya mtu wa nyumbani, ndiyo unayotoa.

Hatua ya tano: wakikupeleka hospitali kukupima

Nitakaa hapa kidogo.

Mwezi Februari 2015 wanaume wawili walikamatwa Ukunda, kaunti ya Kwale. Polisi waliomba amri ya hakimu, wakawapeleka hospitali ya serikali Mombasa, wakapimwa njia ya haja kubwa kwa lazima, pamoja na kupimwa virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Shabaha ilikuwa kupata "ushahidi" wa kifungu cha 162. Walikwenda Mahakama Kuu ya Mombasa, na mwaka 2016 wakashindwa. Jaji aliona walikuwa wamekubali. Wakakata rufaa. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Rufaa, ikikaa hapa hapa Mombasa, iliamua kwamba kupimwa huko kwa lazima kulivunja haki zao za Katiba. Kati ya hukumu hizo mbili, Septemba 2017, Chama cha Madaktari Kenya nacho kilipitisha azimio la kulaani upimaji huo. Kitabibu hauna maana yoyote: hakuna daktari anayeweza kutazama maungo akajua mtu amelala na nani.

Kwa hiyo ukiona gari limegeuka kuelekea hospitali, sema mapema na uendelee kusema: "Sikubali kupimwa." Mwambie askari, mwambie nesi wa mapokezi, mwambie daktari. Mwambie daktari kwa jina lake, lililo kwenye beji, kwa sababu yeye ndiye aliye na leseni ya kupoteza. Mtajie kesi yenyewe kwa herufi walizoandikiwa wale wawili: COL na GMN, Mahakama ya Rufaa Mombasa, 2018. Ukiletewa fomu ya ridhaa usitie sahihi. Wakikulazimisha, andika "sikubali" kwenye mstari wa sahihi. Kosa la wale wawili, kwa macho ya Mahakama Kuu, lilikuwa karatasi iliyoonyesha kwamba waliridhia. Walikuwa chini ya ulinzi wa polisi, ridhaa gani hiyo, lakini iliwachukua rufaa nzima kulisema hilo.

Usipigane nao kimwili. Kama wamekupima kwa nguvu, kariri chumba, saa, waliokuwepo, na kama kulikuwa na amri ya hakimu uliyoonyeshwa au la.

Hatua ya sita: mbele ya hakimu

Mara nyingi hutakuta kifungu cha 162 kwenye karatasi ya mashtaka. Utakuta ulevi na fujo, au kuzurura. Makosa ya namna hiyo wengi wanayakubali ili walipe faini waende nyumbani. Subiri kidogo. Hatia, hata ya faini ndogo, inaweza kujitokeza kwenye cheti cha tabia njema, na cheti hicho ndicho utakachoombwa ukitaka kazi ya ulinzi, ya shule au ya kwenda Doha. Katiba, kifungu cha 49(2), inakataza kukuweka rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita. Yaani ukikana, unatoka leo hii hii ukingojea kesi.

Kama umepigwa, siku hii ya kwanza ndiyo ya kusema. Hakimu akikuuliza lolote, jibu halafu ongeza: "Mheshimiwa, nimepigwa kituoni, nina majeraha, naomba iandikwe na nipelekwe kutibiwa." Vua shati uonyeshe ikibidi. Likiingia kwenye kumbukumbu za korti limeingia. Likisemwa mwezi mmoja baadaye litaitwa hadithi.

Jambo jingine: mwombe wakili wako aombe majina yenu yafupishwe. COL, GMN, ANN, hizo ni herufi za watu walioshtaki serikali bila majina yao kamili kuandikwa kwenye hukumu.

Hatua ya saba: saa 72 baada ya kutoka

Usilale kwanza. Najua umechoka.

Kama umeingiliwa kwa nguvu, na askari au na wafungwa wenzako, dawa ya kuzuia virusi, PEP, inaanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inaipunguzia nguvu. Mwanamume wa transijenda mwenye kizazi ana hadi saa 120 za kupata dawa ya kuzuia mimba. Usioge kabla ya kupimwa. Nguo za usiku ule zitie kwenye mfuko wa karatasi. Ndani ya plastiki zinaoza. Hospitali Kuu ya Pwani ina kituo cha waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, na simu ya bure ya taifa kwa ukatili huo ni 1195. Daktari atajaza fomu ya PRC, ile ya huduma baada ya kubakwa.

Kwa kupigwa, unahitaji P3, fomu ambayo daktari huandika majeraha yako kwa ajili ya polisi na korti. Fomu hiyo hutolewa na polisi, nayo ni bure. Si lazima uiombe kwenye kituo kile kile kilichokupiga. Nenda kingine, na kama kuna dawati la jinsia anzia hapo. Wakikuzungusha, tangulia hospitali upate cheti cha matibabu, P3 itafuata.

Piga picha za majeraha mchana, moja ya karibu na moja inayoonyesha uso. Rudia siku ya tatu, kwa sababu ngozi zetu nyeusi hazionyeshi michubuko siku ile ile. Halafu andika kila kitu kwa mkono, kwa mfuatano wa saa, pamoja na yale unayoyaona ya kipuuzi: redio ilikuwa inacheza nini, ukuta ulikuwa na rangi gani. Mpelelezi aliwahi kumuuliza mteja wetu ndoo ya seli ilikuwa upande gani. Alijibu. Baadaye mpelelezi akaenda, akaikuta pale pale.

Hatua ya nane: kulalamika

Milango ipo kadhaa, na nitasema wazi ninaoupenda. IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, haiko chini ya Inspekta Jenerali. Ina ofisi Nairobi, Mombasa, Kisumu, Garissa na kwingineko, simu ya bure ni 1559, na kulalamika hakulipiwi. Inaweza kupendekeza afisa ashtakiwe. Kitengo cha ndani cha polisi, IAU, kinashughulikia nidhamu. Ni cha haraka zaidi wakati mwingine, lakini unamshtaki nyani kwa ndugu zake. Tume ya haki za binadamu, KNCHR, inasaidia pale jambo linapowagusa watu wengi, kwa mfano msako wa mtaa mzima.

Barua iwe ukurasa mmoja. Nani, lini, wapi, namba ya OB, walifanya nini, nani aliona, unataka nini. Hulazimiki kuandika kwamba wewe ni shoga. Kupigwa ni kupigwa; Sheria ya Kuzuia Mateso ya mwaka 2017 inaweka hadi miaka 25 kwa afisa anayetesa, na haikuuliza anayeteswa analala na nani. Andika mwelekeo wako pale tu unapotaka ubaguzi uwe sehemu ya lalamiko, na baada ya kulifikiria.

Upo pia mlango wa Mahakama Kuu. Kifungu cha 22 cha Katiba kinakuruhusu kufungua ombi la haki bila kulipia ada ya kulifungua, hata kwa barua. Hapa ndipo narudi kwenye kuvuliwa nguo: mwanamke wa transijenda alikamatwa Thika, polisi wakamvua mbele ya waandishi wa habari. Alishtaki, akaandikwa ANN, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ikaamua utu wake umevunjwa, akapewa fidia ya shilingi 200,000. Kabla yake, mwaka 2010, mtu wa huntha aliyekuwa akivuliwa na askari jela gerezani Kamiti alipewa shilingi 500,000. Si pesa za kujenga nyumba. Lakini wakili anayeandika barua kwa OCS leo anaweza kuzitaja kesi hizo.

Angalia saa hapa pia: ukitaka kuidai serikali fidia kwa kesi ya kawaida ya madai, una miezi 12 tu. Ombi la Katiba halina muda uliowekwa, ila ukikaa miaka mitano utaulizwa ulikuwa wapi.

Tarajia kungoja. IPOA watakupa namba ya faili. Piga simu kila mwezi, taja namba, andika jina la aliyekujibu. Askari akikupigia "tuyamalize", mwambie akuandikie ujumbe, kisha upeleke ujumbe huo kwa mpelelezi wako. Ukianza kufuatwa, lala kwingine wiki mbili na uwaambie shirika mapema, wengine wana nyumba za muda.

Neno kwa wanaovuka mpaka: haya yote ni ya Kenya. Ukipita Lunga Lunga, kosa hilo hilo Tanzania linaanzia miaka 30 jela, na Uganda ina sheria yake ya mwaka 2023. Usimtajie afande wa Tanga kesi ya COL.

Nakala za kila karatasi ziwe tatu: moja kwa wakili, moja kwenye barua pepe isiyo na jina lako, na moja mbali na nyumba unayolala. Zangu huziweka kwa shangazi Kisauni, chini ya sanduku lake la kanga. Aliniuliza mara moja tu kama hazina haja ya kukaa pakavu, akaongeza vidonge viwili vya kafuri.